Pendekezo namba 61 la kubadili Katiba ya jimbo la Colorado, Marekani (kura ya Novemba 2, 2010): tuliombwa saini kwa maelezo ya uongo

Ndugu wanajukwaa,

Nimekasirika na sitaficha. Miezi kadhaa iliyopita, nikitoka dukani hapa Aurora, kijana mmoja alinisimamisha mlangoni akaniomba saini ili namba 61 ipigiwe kura, akisema pendekezo hilo litazuia serikali isikope bila kutuuliza wananchi. Nilitua mifuko chini, nikatia saini. Juzi kijitabu cha buluu cha wapiga kura, kinachoeleza mapendekezo yote, kimefika kwa posta. Nimekisoma jikoni mstari kwa mstari, na nimejua kwamba nilidanganywa.

Kuulizwa, tunaulizwa tayari. Tangu 1992 Katiba ya jimbo inazitaka serikali za mitaa zipate idhini ya wapiga kura kabla ya kuchukua deni linalozidi mwaka mmoja. Jipya katika namba 61 ni kwamba jimbo lenyewe litapigwa marufuku kukopa kwa namna yoyote, huku kaunti, miji na wilaya za shule zikilazimika kumaliza kila mkopo ndani ya miaka 10. Shule ya dola milioni 20 ikilipwa kwa miaka 20 hudai milioni 1 kila mwaka, riba kando. Kwa miaka 10 hudai milioni 2, na watakaotozwa ongezeko hilo ni sisi wenye nyumba, ambao wengi wetu tusingekuwa nazo kama benki zisingetupa miaka 30 ya kulipa.

Halafu kuna ukomo wa deni la serikali za mitaa, asilimia 10 ya thamani ya majengo na ardhi, ambao mtu akiusikia hudhani ni wa thamani ya sokoni. Sivyo. Unapimwa kwa thamani ya kutozea kodi, na mwaka huu wa 2010 nyumba ya kuishi hapa huhesabiwa kwa asilimia 7.96 tu ya bei yake, kwa hiyo nyumba ya dola 200,000 inaandikwa dola 15,920, na deni linaloruhusiwa juu yake ni dola 1,592. Kijana yule hakunitajia hata chembe ya haya.

Wanaolalamika kwamba halmashauri hukwepa kura kwa kuliita deni lao ukodishaji wana hoja ya haki, lakini mlango huo ungezibwa kwa kifungu kimoja, bila kuwanyima watoto madarasa.

Karatasi yangu ya kura nimejaza HAPANA. Nawe uliyetia saini kama mimi, saini ile haikufungi: kura zinapokelewa hadi Novemba 2, 2010, saa 1 jioni.