Tupeane uzoefu: Ulisoma Marekani? Safari gani ilikufunza kitu?

ShangaziVoi
Wakuu hamjambo. Mpwa wangu, mzaliwa wa Voi, Agosti anaanza chuo Indiana kwa viza ya wanafunzi, F-1. Tangu apate barua hana wimbo ila New York na Disney. Sikatai, aende akapige picha zake. Ila nataka kusikia kwa waliosoma kule: likizo mlienda wapi mkarudi na kitu kichwani? Pesa zake ni za kuhesabu, msimpandishe ndege kila mwezi.

MtoroWaBara
Shangazi, kama ni wa Voi aanzie Chicago akaamkie majirani. Wale simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wako Field Museum, ndani ya kioo. Kutoka Indiana ni safari ya basi.

Nimekua nikitishwa kwa hadithi zao, kwa hiyo nilitarajia majitu. Nikakuta simba wawili wa wastani, wamepauka, bila manyoya ya shingoni. Manyoya ni kawaida, madume wengi wa Tsavo hawana. Udogo ndio una kisa: Patterson, msimamizi wa ujenzi aliyewaua, alizifanya ngozi zao mazulia karibu miaka 25, kisha akaiuzia makumbusho kwa dola 5,000. Zulia la robo karne hata ulijaze vipi halirudi simba kamili! Yeye alidai wameua watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya yao walitoa makadirio mwaka 2009: kama 35 hivi.

Nilikwenda na Mmarekani tuliyekaa naye chumba kimoja. Yeye alimjua mwindaji tu. Nilimsimulia habari za vibarua wa Kihindi na wa kwetu waliolala mahemani wakisubiri zamu yao, tukabishana mpaka basi la kurudi. Kiingilio si kidogo, aende na kitambulisho cha chuo aulizie nafuu.

Kobe
Nachukua siti. Endeleeni.

BintiNgambo
Mimi ni wa Unguja, nilisoma Boston. Kila mtu alinisukuma niende Salem Oktoba nikaone mambo ya wachawi, maana mwaka 1692 walinyonga watu pale kwa tuhuma hizo. Nikaenda kwa treni, nusu saa hivi. Mji mzima kofia za kichawi na foleni za vitafunio. Sikuona cha maana.

Nikarudi majira mengine, kimya, nikaenda bandarini. Hapo ndipo nilipokuta kwetu. Wafanyabiashara wa Salem ndio waliotawala biashara ya Wamarekani Zanzibar: wanaleta vitambaa vya merikani, wanaondoka na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani ni wa 1833, na konseli wao wa kwanza Unguja, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem, akafika 1837. Peabody Essex Museum ya pale chimbuko lake ni chama cha manahodha cha mwaka 1799, waliokusanya vitu vya safari zao.

Kuna jambo halikunitoka. Pembe nyingine zilipelekwa Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibao vya piano. Waliozibeba kutoka bara mpaka pwani tunawajua hali zao. Sasa nikiona piano kuukuu sebuleni kwa mtu, naitazama mara mbili.

PwaniMchanga
Sikuwa chuo, nilikwenda na YES, mpango wa Marekani wa kubadilishana wanafunzi, mwaka wa shule ya upili, nikakaa na familia Iowa. Wengi huona Iowa ni mahindi tu. Ni kweli ni mahindi, na kwenye maonyesho yao ya Agosti kuna ng'ombe aliyefinyangwa kwa siagi.

Lakini Februari 2020 mama mwenyeji alinichukua twende kwenye kokasi ya Democrat, mkutano wa chama wa kuchagua mgombea urais, ukumbi wa michezo wa shule. Hakukuwa na karatasi ya siri. Watu walisimama kona ya mgombea wao, wakahesabiwa, kisha majirani wakavutana: njoo kwetu, wako hafiki asilimia 15, ataachwa! Nikampigia baba simu. Akacheka sana, akasema, “Huo ni mlolongo wa 1988!”, yaani uchaguzi wa Kenya wa kupiga kura kwa kupanga foleni. Nikamwambia tofauti: hapa anayehesabiwa mfupi hatangazwi mshindi. (Matokeo yalichelewa siku kadhaa, baba akapata la kusema.) Machi korona ikaturudisha nyumbani.

Shangazi, mpwa akialikwa na familia, akubali. Hata kama ni kwenda kutazama nguruwe wakishindanishwa.

FundiSaa
Mmesahau makaratasi. Akitaka kutoka Marekani na kurudi, I-20, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, iwe na sahihi ya safari ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na mwanafunzi anayeendelea na masomo sahihi hiyo hutumika mwaka mmoja. Niagara upande wa Marekani aende tu. Daraja la kwenda Kanada asilivuke kwa kufuata mkumbo, viza ya Kanada ni nyingine. Kukodi gari chini ya miaka 25 mara nyingi kuna nyongeza. Washington ndiko pesa ndogo inakotosha: makumbusho ya Smithsonian kule hayana kiingilio.

ShangaziVoi
Ahsanteni. Na Novemba akifungiwa bweni?

FundiSaa
Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Aulize chuoni mapema kama bweni hufungwa, na tiketi ya basi akate Oktoba. Wiki ile bei hupaa.