Kwa nini goti huuma zaidi kushuka ngazi kuliko kupanda?

Kibuyu74
Wakuu, salaam. Kupanda ngazi ndiko kunakotoa jasho, lakini wenye magoti mabovu karibu wote wanalalamikia kushuka. Shuleni tulisoma kwamba misuli inafanya kazi kwa jozi: wa mbele ya paja ukikaza mguu unanyooka, wa nyuma ukikaza unakunjika. Kwa hesabu hiyo kushuka ni zamu ya misuli ya nyuma. Sasa maumivu ya mbele ya goti yanatoka wapi? Na mtu afanye zoezi gani?

FizioPwani
Mkuu, hapo kwenye zamu ndipo penye kosa. Ukishuka, goti linakunjwa na uzito wako mwenyewe, wala halihitaji msuli wa nyuma kulikunja. Kazi ya misuli minne ya mbele ya paja ni kuuzuia uzito huo usikuporomoshe, na inafanya hivyo ikikaza huku inarefuka, kama breki. Tena usiutazame mguu unaotangulia. Tazama ule uliobaki juu: ndio unaobeba mwili mzima, na goti lake linaweza kukunjika karibu nyuzi 90 kabla mwenzake hajagusa chini.

Misuli hiyo minne inajishika kwenye kilegesambwa, ile pia ya goti, na kutoka hapo kano inateremka mpaka kwenye mfupa wa muundi. Kilegesambwa kinaisogeza kano mbele, mbali na mhimili wa goti, ndiyo maana msuli unanyoosha mguu bila kutumia nguvu nyingi mno. Ila faida hiyo ina bei. Goti likikunjika, mvuto wa juu na wa chini kwa pamoja vinakigandamiza kilegesambwa kwenye mfereji wa fupa la paja. Ukitembea tambarare mgandamizo huo haufiki hata uzito wa mwili. Kwenye ngazi ni mara 3 hivi: mtu wa kilo 70 anabanwa kwa zaidi ya kilo 200.

Gegedu lenyewe, lile tabaka laini linalofunika mifupa ndani ya kiungo, halina neva. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo na mafuta yaliyo nyuma ya kano.

Mteremko
Naongezea. Msuli unaporefuka chini ya mzigo hutumia nyuzi chache kuliko unapojifupisha, kwa hiyo kila uzi unabeba zaidi na kuchanika kidogokidogo. Ndiyo sababu wanaotoka Kilimanjaro, Uhuru mita 5,895 hadi geti la Mweka, zaidi ya mita 4,000 za kushuka, mapaja yanawakaza kesho yake na keshokutwa. Hayo ni maumivu ya msuli, yanaisha yenyewe. Ya goti ni mengine, msiyachanganye.

FizioPwani
Sawa kabisa. Sasa zoezi. Tafuta kidato cha sentimita 10, baadaye 15 hadi 20. Simama juu yake kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu mwingine taratibu kwa sekunde 3, gusa sakafu bila kuuegemeza uzito, kisha rudi juu. Mara 8 hadi 12, seti 3, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika, mradi kesho yake yawe yameshatulia. Nguvu haiji kwa wiki moja. Hesabu wiki 6 hadi 12.

Wengi wanaharibu sehemu moja: goti linaangukia ndani, kuelekea kidole gumba. Hapo hata ukazane vipi na paja, kilegesambwa kinavutwa upande wa nje wa mfereji wake. Mara nyingi chanzo ni msuli wa ubavuni mwa nyonga kuwa dhaifu, nyonga ya upande wa pili inashuka. Simama mbele ya kioo, goti lifuate kidole cha pili. Kisigino cha mguu uliosimamia kikinyanyuka mapema, kifundo ndicho kigumu. Nyoosha kigimbi kwanza.

Kibuyu74
Nimekupata. Na goti linalolia kwachu-kwachu?

FizioPwani
Mlio bila maumivu wala uvimbe, achana nao. Ila goti likivimba saa chache baada ya kujipinda, likikwama lisinyooke, likishindwa kubeba uzito, au likiwa la moto na mtu ana homa, zoezi lisubiri. Hospitali kwanza, na hilo la homa ni siku hiyohiyo.