Ratiba inatoka saa tatu usiku, alfajiri unatakiwa stendi. Simbilisi wangu amekufa, na bado naambiwa nichague

Wakuu, nimekaa na hili wiki mbili nikitafuta namna ya kuliandika bila kumtukana mtu. Matusi nitayaacha. Hasira siwezi kuziacha, mtanivumilia.

Nasoma uuguzi na ukunga, mwaka wa pili wa stashahada, kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Chuo sikitaji na hospitali sizitaji, maana bado niko mikononi mwao na mitihani yangu wanasahihisha wao. Nimepanga chumba mtaani, dakika kumi na tano kwa miguu hadi wodini. Hosteli nilitoka kwa hiari mwaka wa kwanza kwa sababu nafuga simbilisi wawili na hosteli hairuhusu mnyama. Sikubishana. Kanuni ni kanuni, nikafungasha, nikahama, na kodi nailipa mwenyewe kwa kusuka watu Jumapili.

Kwa ambao hawamjui, simbilisi ni mnyama mdogo mgugunaji asiye na mkia, mkubwa kabisa anacheza kwenye kilo moja. Wengine huku humwita pimbi, ingawa pimbi mwenyewe ni yule wa kwenye mawe. Kwa bibi yangu Njombe wanashinda jikoni wakizunguka mafiga, na bibi akiingia na majani wanapiga mluzi wote kwa pamoja mpaka unacheka. Kule wengi wanawafuga kwa kitoweo, najua, na sina ugomvi na mtu anayekula. Mimi niliondoka kwa bibi na majike wawili kwenye kikapu, Chiku na Tunu, na hawakuwa kitoweo. Simbilisi hakai vizuri peke yake, anataka mwenzake, ndiyo maana nilichukua wawili.

Kabla hamjaanza kusema kwamba wanyama ndio walikuwa wananipotezea muda, niwaeleze siku yangu. Saa kumi na moja alfajiri nafagia pembe yao, nabadilisha maji, nawawekea majani mabichi na kipande cha pilipili hoho. Hoho kwa sababu simbilisi ni kama binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, asipoipata kwenye chakula anapata kiseyeye vilevile kama sisi. Somo la lishe nililielewa vizuri kuliko wenzangu kwa sababu nilikuwa nalo chumbani. Nikirudi jioni naingiza ufunguo kwenye kitasa, na kabla mlango haujafunguka nasikia mluzi. Nakata majani, nawapima kwa mkono kama wamepungua, nawaangalia meno. Jumla haifiki saa nzima kwa siku. Mwaka wa kwanza sikupata sapu (mtihani wa marudio) hata moja.

Kwa hiyo shida si mnyama. Shida ni ratiba.

Tulipoanza mazoezi ya wodini tuliambiwa ratiba ya zamu itabandikwa ubaoni kila mwezi. Ikabandikwa miezi miwili. Baadaye ikawa ya wiki. Sasa hivi inatumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku, wakati mwingine saa mbili, wakati mwingine saa nne, ya kesho yake asubuhi. Umetoka zamu ya mchana saa mbili usiku, miguu imevimba, unafungua simu unakuta umepangwa asubuhi. Umejiandaa kwa zamu ya usiku, umelala mchana, saa kumi na mbili jioni unaambiwa kundi lako limehamishiwa kliniki ya mama na mtoto, usije. Ukiuliza unaambiwa uuguzi ni wito.

Jumamosi ile nilikuwa nimemaliza wiki ya zamu za usiku na tulikuwa na siku tatu za mapumziko kwa ratiba waliyoitoa wao wenyewe. Saa tatu na dakika arobaini usiku ujumbe ukaingia: kundi B, kesho saa kumi na moja alfajiri muwe stendi, mnakwenda kituo cha afya nje ya mji, mnarudi Alhamisi. Siku tano. Nimepewa saa saba na dakika ishirini za usiku kupanga siku tano za maisha yangu.

Nilitoka nje na tochi ya simu nikakata majani kwenye korongo nyuma ya nyumba. Saa kumi usiku nikaenda kugonga dirisha la mama jirani. Ni mama mzuri, ana watoto watatu, na mara mbili hapo nyuma ameshaniangalizia wanyama kwa siku moja moja. Akaamka, akafungua dirisha kidogo, nikampitishia ufunguo kwenye nondo. Nikamwambia maji asubuhi, majani asubuhi na jioni, kabichi isizidi. Akasema sawa mwanangu, nenda salama. Dakika mbili, labda pungufu.

Wodini tunafundishwa makabidhiano ya zamu mpaka tunaota. Unasimama kitanda kwa kitanda, unamweleza anayekupokea mgonjwa ana nini, amepewa nini, saa ngapi, asipewe nini. Ukiondoka bila kukabidhi una kosa. Na wanaotufundisha hayo ndio walioniweka dirishani saa kumi usiku nikikabidhi viumbe wawili kwa mtu mwenye usingizi. Sikusema neno moja ambalo ningelisema kama ningekuwa na jioni moja tu ya kukaa naye: dawa yoyote ya binadamu usiwape.

Jumatatu Chiku akaanza kupiga chafya. Mama jirani, kwa wema wake, akaenda duka la dawa muhimu la mtaani akasema anataka dawa ya mafua ya simbilisi. Muuzaji akampa kapsuli za amoksisilini. Hakuuliza ana uzito gani wala umri gani. Hakusema "hii ni ya watu, mtafute daktari wa mifugo." Akampa antibayotiki bila cheti, akamwambia afungue kapsuli, nusu kwenye maji, amnyweshe kwa bomba la sindano asubuhi na jioni.

Amoksisilini iko kwenye familia ya penisilini, na penisilini ikimezwa na simbilisi inaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, wale anaowategemea kusaga majani. Wakifa wao, wabaya wanashamiri na kutoa sumu, mnyama anaharisha, anaacha kula, anapoa, anakufa. Hilo si jambo jipya. Mwaka 1940 kule Oxford, mtafiti Howard Florey na wenzake waliijaribu penisilini kwa panya 8 walioambukizwa bakteria: wanne waliopewa dawa waliamka hai, wanne wasiopewa walikufa usiku uleule. Mwaka 1943 ikaandikwa kwamba dawa hiyohiyo inaua simbilisi. Zaidi ya miaka 80! Na sisi darasani tunakaririshwa mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Yule muuzaji alikosea la kwanza, mengine yote yakafuata. Na kama anampa mtu dawa kwa mnyama asiyemjua bila swali hata moja, nauliza anawapa nini watoto wenu wakikohoa.

Jumanne nilikuwa leba, chumba cha kujifungulia. Mama wa uzazi wa kwanza, njia imefunguka sentimita sita, nimeachiwa mimi kumfuatilia. Nasikiliza mapigo ya mtoto kila nusu saa, nahesabu uchungu ndani ya dakika kumi, najaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Simu ilikuwa mfukoni, nimeizima sauti, na ilikuwa inatetema pajani. Ikakata, ikatetema tena. Nilijua ni nyumbani, maana hakuna mtu mwingine anayenipigia mara tatu mfululizo. Yule mama alikuwa ameushika mkono wangu hivi, kucha zimeingia. Sikumwacha. Mtoto alizaliwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, wa kike, kilo 3.1, akalia palepale. Nilimaliza kila kitu cha kumaliza, kondo likatoka lote, nikamfuta mama, nikaandika, nikanawa. Ndipo nikatoka nje kupiga simu.

Mama jirani alikuwa analia. Chiku haji kwenye majani, amejikunja pembeni, anaharisha. Nikamuuliza amekula nini, ndipo akanitajia kapsuli. Nilikaa chini kwenye ngazi. Nikamwambia asitishe dawa, ampe joto, amnyweshe maji matone matone, na nikampa namba ya daktari wa mifugo wa kata. Yule daktari alikuja, Mungu ambariki, akasema ukweli kwamba yeye anatibu ng'ombe, nguruwe na kuku, na kwa hali ile hana dawa ya kumpa.

Nikaenda kwa mkufunzi msimamizi kuomba ruhusa ya usiku mmoja tu, niende na nirudi alfajiri na basi la kwanza. Akaniuliza nimefiwa na nani. Nikaeleza. Kesho yake asubuhi akanisimamisha mbele ya wenzangu na wahudumu wa kituo akasema: "Muuguzi hafugi panya. Chagua moja." Watu wakacheka.

Chiku alikufa Jumatano usiku. Nilifika Alhamisi jioni nikamkuta kwenye boksi la viatu, mama jirani amemfunika na kipande cha kanga. Manyoya ya nyuma yalikuwa yameganda, tumbo limekaza kama ngoma. Tunu alikuwa amekaa kwenye pembe wanakolalaga wote wawili, ameacha nafasi ya mwenzake wazi. Nilimzika Chiku chini ya mparachichi. Nilipoingiza ufunguo mlangoni siku zilizofuata hakuna aliyepiga mluzi.

Nataka kumjibu mkufunzi wangu hapa, kwa sababu pale nilishindwa kufungua mdomo. Kila tarehe 12 Mei tunavaa sare zilizopigwa pasi, tunawasha mishumaa, tunamtaja Florence Nightingale, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1820. Florence alikuwa na mnyama mdogo. Alikuwa na bundi, mdogo wa kutosha mfukoni, aliyemwokota Athens mwaka 1850 na kumpa jina Athena. Alitembea naye mfukoni. Mwaka 1854, katika pilikapilika za kumwandaa Florence kwenda kuuguza askari wa vita ya Crimea, bundi aliachwa kwenye dari la nyumba kwa kudhani atajitafutia panya. Akafa. Florence aliomboleza, akataka ahifadhiwe, na mpaka leo bundi huyo yuko kwenye jumba lake la makumbusho London. Na ni huyohuyo aliyeandika kwamba mnyama mdogo mara nyingi ni mwenzi mzuri sana wa mgonjwa, hasa anayeumwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia achague moja. Nami sichagui.

Na msidhani ni mimi tu na simbilisi wangu. Kwenye kundi letu kuna dada ana mtoto wa miezi minane ananyonya. Usiku ule wa ujumbe alikuwa anakamua maziwa mpaka saa saba huku analia. Kuna kaka anamwangalia baba yake aliyepata kiharusi, anamgeuza kitandani kabla ya kuja zamu. Hao hawasemi kwa sababu wanaogopa kuonekana hawana wito, na anayeonekana hana wito akikosea kidogo wodini anadisko, yaani anaondolewa chuo. Kinachotuumiza sote ni kilekile, karatasi moja ya zamu ambayo mtu angeweza kuiandika Jumatatu lakini anaiandika Jumamosi usiku.

Sidai mapumziko zaidi. Zamu za usiku nafanya, sikukuu nafanya, kijijini naenda. Nadai ratiba itoke siku saba kabla, na ikibadilika kwa dharura ya kweli, tuambiwe dharura ni nini. Kituo kile kilijua wiki mbili nzima kwamba tunakwenda, kwa sababu muuguzi wa zamu alitupokea na orodha ya majina yetu iliyochapwa, ina tarehe yake juu. Niliiona kwa macho yangu. Wiki mbili jina langu lilikuwa kwenye karatasi na mimi sijaambiwa.

Wenzangu mnaosoma uuguzi, ukunga, utabibu, vyuo vyenu vinatoaje ratiba? Andikeni, bila kutaja chuo kama mnaogopa. Na kama kuna mtu maeneo ya Njombe au Makambako ana simbilisi jike mdogo wa kuuza au kugawa, asiye na shida ya kifua, naomba anitafute, Tunu hawezi kukaa hivi. Anakula, lakini anakula kidogo, na jana ndiyo mara ya kwanza alitoa sauti nilipofungua mlango, fupi tu.

Sasa hivi ni saa nne kasoro usiku, Jumapili. Ratiba ya kesho bado haijatumwa. Majani ya siku tatu nimeshayakata, nimeyatandaza sakafuni yasije yakavunda. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa mama jirani nimeandika kwa herufi kubwa: DAWA YOYOTE USIMPE, NIPIGIE KWANZA. Na chini yake namba za watu watatu, maana simu yangu huenda ikawa mfukoni leba.