Mtelezo mrefu ufukweni Shangani: tuukaribishe au tuukatae?

Mwana Shangani
Tangu Idi vijana wana wimbo mmoja: ufukwe wa Shangani apewe mwekezaji, asimamishe mtelezo mrefu wa maji na mabembea ya umeme, Mtwara ichangamke. Mimi napinga, na sababu yangu ni hii. Huko Kansas City, jimbo la Kansas, Marekani, kiwanja cha michezo ya maji cha Schlitterbahn kilijenga mtelezo ukaitwa Verrückt, Kijerumani hicho, maana yake kichaa. Mita 51 kwenda juu, ngazi 264, ukaingia kwenye rekodi za Guinness kuwa mrefu kuliko yote duniani. Ulifunguliwa Julai 2014. Agosti 2016 mtoto wa miaka 10 akafia humo, na ndiyo ikawa siku yake ya mwisho kufanya kazi. Novemba 2018 wakaubomoa. Kama wao na fedha zao yamewafika hayo, sisi tutaweza? Hata wenzetu wa Lindi, wanaongoja Agosti ndipo waone bembea, wametulia. Sisi haraka ya nini?

Mmwera wa Ngongo
Nimesoma vizuri mpaka hapo ulipotutaja. Kaka, hiyo Agosti ni Nanenane ya kanda nzima ya kusini, na uwanja uko Ngongo, Lindi. Nyie ndio mnaopanda basi alfajiri kuja kwetu. Anayengoja ni nani?

Mwana Shangani
Sikuwatukana, ndugu yangu. Jibu hoja ya mtelezo.

Mmwera wa Ngongo
Ungetaka hoja ya mtelezo ungeacha Lindi nje.

Kijana wa Chuno
Mjomba, hizo ni hoja za woga. Bodaboda zinaua kila siku na hakuna anayesema zifutwe. Watoto wetu wafunge safari mpaka Dar kwa ajili ya bembea tu? Na wenye kile kiwanja walifungwa, haki ikatendeka, yakaisha.

Fundi Chuma
Hawakufungwa. Walishtakiwa 2018, mwaka 2019 jaji akayafuta mashtaka, kwa sababu wale wananchi walioitwa kuamua kama kuna kesi walioneshwa picha za televisheni zisizostahili kuwa ushahidi. Usipotoshe watu.

Tena tuseme ukweli, urefu haukuwa tatizo peke yake. Ule mtelezo ulishusha watu 3 kwenye boti ya mpira, wakashuka karibu kilomita 100 kwa saa, kisha boti ikapanda kilima cha pili ikisukumwa na maji ya pampu. Pale juu ya kilima ndipo boti iliporuka. Juu waliweka wavu umeshikwa na vyuma vilivyopinda, na abiria walifungwa kwa mikanda ya kunata, ile ya kubandua kama ya viatu vya watoto. Wakati wa majaribio mifuko ya mchanga iliruka nje. Uzito wa watu 3 kwa jumla ulitakiwa uwe kati ya kilo 181 na 249. Siku ya ajali jumla ilikuwa ndani ya kiwango. Ila mtoto alikaa mbele, watu wazima nyuma. Kipimo kilisema sawa, boti haikuwa sawa.

Nahodha wa Mikindani
Hilo hata mtoto wa pwani analijua. Mtumbwi ukiupakia tezi, huku nyuma, omo la mbele linapaa, wimbi la kwanza tu unageuka. Huulizi mzigo una kilo ngapi, unauliza umekaa wapi.

Kijana wa Chuno
Asante nahodha, basi umeniunga mkono. Kosa lilikuwa la upakiaji. Sisi tutapakia vizuri.

Nahodha wa Mikindani
Sijakuunga mkono, mwanangu. Nimesema waliokuwa na kalamu hawakumwuliza mtu wa chombo.

Mama Zuhura
Naomba niseme langu. Sikukuu moja ya Idi yalikuja mabembea ya kuzunguka hapa mjini, yale ya viti vya minyororo. Binti yangu alikuwa na miaka 8. Pini ya kiti ilikuwa imepotea, mwendeshaji akafunga kwa kamba ya katani. Kiti kikalegea kikiwa hewani. Mtoto akaanguka, mkono ukavunjika mahali pawili, na hadi leo haunyooki. Mwendeshaji alifungasha usiku uleule akaondoka. Sijui nimdai nani. Swali langu ni moja: ile pini anaikagua nani?

Kijana wa Chuno
Pole dada. Lakini wewe uliiona kamba, ukampandisha?

Mwl Mstaafu
Kijana, futa kauli hiyo. Mzazi amelipa shilingi zake, ameona foleni ya watoto wengine, ameamini. Kansas nako wazazi waliamini. Tena sheria ya kule iliwaachia wenye viwanja wajitafutie mkaguzi wao wenyewe. Ilikazwa 2017, mtoto ameshazikwa. Na yule mtoto alikuwa wa mbunge wa jimbo hilohilo, siku ile ilikuwa ya wabunge kuingia bure na familia zao. Huyo naye utamwuliza kama aliiona kamba?

Kijana wa Chuno
Nimekosa. Mama Zuhura, nisamehe.

Mama Zuhura
Nimekusamehe. Pini anaikagua nani?

Mwl Mstaafu
Nitalifikia. Kwanza nataka vijana waone haraka inavyofanya kazi. Hati ya mashtaka ilidai mtelezo ule ulikimbizwa ili uonekane kwenye kipindi cha televisheni. Sisi huku tumeshayaona hayo. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea kwetu. Matrekta yalifika kabla udongo haujapimwa sawasawa. Mwaka 1951 wakauacha. Reli waliyoijenga ikabaki bila mzigo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Reli nzima! Marehemu baba alipanda behewa lile.

Mmwera wa Ngongo
Mwalimu, ongezea kwamba reli ile ilianzia Mkwaya, upande wetu wa Lindi. Ikatufaa kidogo, mkafungua bandari yenu ya kina kirefu 1954, kila kitu kikahamia Mtwara, hata makao makuu ya jimbo. Lindi tulikuwa mji wakati Mtwara ni mikoko.

Nahodha wa Mikindani
Na Mikindani tulikuwa na boma la Mjerumani tangu 1895. Mtwara yote ni mtoto wetu.

Mwana Shangani
Jamani, mtelezo.

Mmwera wa Ngongo
Tulipata mkoa wetu 1971 kwa haki yetu. Usituite wanaongoja.

Fundi Chuma
Mwana Shangani, mimi sipingi mtelezo. Napinga mtelezo wa rekodi. Mita 10, maji mengi, mtu mmojammoja, kizuizi cha umri kisichobadilika. Kule Kansas walianza na umri wa chini miaka 14, baadaye wakauondoa wakabaki na urefu wa mwili tu. Pale ndipo pamenichoma kuliko yote. Kuna mtu alikaa kitini akaona 14 inafaa, na mtu mwingine akaifuta.

Kijana wa Chuno
Mita 10 nitakubali. Lakini nani atatoka Masasi kuja kuona mita 10?

Fundi Chuma
Mtoto wa miaka 8 atakuja, na atarudi nyumbani.

Mama Zuhura
Bado sijajibiwa.

Mmwera wa Ngongo
Dada yangu, jibu sina. Lakini Nanenane hii nitakuwa Ngongo siku zote, na kabla mwanangu hajapanda nitashika kila pini kwa mkono wangu, na ya mtoto wa mwenzangu pia. Nikikuta kamba nitawashusha wote. Njoo na Zuhura, mtalala kwangu.

Ila reli ilianzia Mkwaya.