Tupeane uzoefu: sinema za zamani za mjini Nairobi

Jana binti yangu ameniuliza Odeon ni nini. Anashukia hapo kila siku, makanga wanaita "Odeon! Odeon!", na hajui palikuwa na sinema. Globe ni vile vile, hata Bellevue kule Mombasa Road, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari. Cameo ya Kenyatta Avenue ndiyo kongwe, ilifunguliwa 1912 ikiitwa Theatre Royal. Aliyewahi kuingia sinema yoyote kati ya hizo za zamani, enzi zile au baada ya kugeuzwa kitu kingine, atupe kisa.

Mzee wa Ngara: Sisi tulikuwa na Shan. Picha za Kihindi, saa tatu nzima, lugha hatujui hata neno, lakini stelingi akifiwa na mama ukumbi wote unalia. Kwanza wimbo wa taifa, mnasimama wima. Yaani waliolipa, kwa sababu mimi na binamu yangu tulisubiri mapumziko, watu wakitoka kununua njugu tunajichanganya nao kurudi ndani. Mpaka leo najua picha nyingi zilivyoisha, zilivyoanza sijui. Sasa pale ni Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi. Nilimpeleka mjukuu kuona vijana wakijipinda hewani, nikaelewa faida ya dari refu namna ile. Safari hii niliingia kwa mlango wa mbele.

Dada wa Kwaya: Mimi nimeokokea ndani ya sinema! Kanisa letu liko kwenye ukumbi wa zamani wa sinema huko tao, katikati ya mji. Sakafu inateremka hadi madhabahuni, kwa hiyo chupa ya maji ikikuponyoka nyuma, inabingirika mpaka kwa pasta. Kwenye chumba cha projekta wanakaa vijana wa mitambo ya sauti. Siku ya harusi yangu baba alisimama mlangoni akihesabu safu za viti. Kumbe humo ndimo alimpeleka mama mara ya kwanza. Mama akasema safu ilikuwa nyingine, wakabishana mpaka keki.

Deki Mbili: Zilizoua sinema ni kanda za video. Nani alipe nauli mpaka tao na jirani ana deki ya kuchezea kanda?

Wa Pangani: @Mzee wa Ngara, mimi nililipa kila mara, lakini mama alinitaka nyumbani kabla ya giza, nikawa naondoka mapumziko. Njoo tupange siku, nikuanzie, unimalizie.