Masaa sita ya kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuanzie wapi?

Mgeni_Tanga: Assalam alaykum. Jumamosi tunashuka bandari ya Malindi saa tatu asubuhi, boti ya kurudi Dar ni saa kumi jioni. Tuko watu wazima watatu, mmoja mama wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili. Tunataka kuona milango ya nakshi, Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini na soko la Darajani, yote kwa miguu. Njia ipi itatutosha bila kukimbizana? Na Forodhani tule saa ngapi?

Baraza_ya_Kiponda: Waalaykum salaam, karibuni. Forodhani ya vyakula iondoeni kwenye hesabu. Wauzaji hupanga meza jioni na wateja hujaa baada ya magharibi, wakati huo nyinyi mko baharini. Kuleni urojo mchana, muombe kachori, bajia na chipsi za muhogo ziwekwe mwisho zisilainike.

Njia: tokeni bandarini mufuate Barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kulia. Majumba yale yanatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi upande wa barabara uko kivulini. Baada ya saa nane jua linawapiga usoni. Mtapita Mti Mkuu, Makumbusho ya Kasri na Beit al-Ajaib. Hii ya mwisho, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka sehemu yake Disemba 2020, hivyo hesabuni kuitazama kwa nje. Ngome Kongwe iko ubavuni mwake. Kisha Shangani, Minara Miwili (kanisa la Mtakatifu Yosefu), Sokomuhogo, Mkunazini, Darajani, na mnarudi Malindi.

Asubuhi_Sokoni: Kivuli nakubali, lakini mimi ningewageuza. Darajani samaki wazuri wako asubuhi. Mchana mtakuta meza nusu tupu na sakafu imelowa. Halafu mkimalizia Darajani, mnarudi bandarini kwa vichochoro huku mnatazama saa. Mkimalizia Mizingani ni njia moja iliyonyooka. Fikeni bandarini saa tisa, si saa tisa na nusu. Toka Forodhani hadi Malindi, kwa mwendo wa mama, wekeni dakika 25.

Ramani ya simu msiitegemee. Kuta ni ndefu na vichochoro vyembamba, alama inaruka mtaa mzima. Mkipotea shikeni njia moja tu: mtatokea ama baharini ama kwenye barabara kuu ya Darajani. Mkisikia honi ya vespa, watoto wabane ukutani, wasikimbie mbele. Papasi, yaani kijana anayeng'ang'ania kuwaongoza wageni, akiwafuata, "ahsante, tunajua njia" inatosha.

Chokaa_na_Boriti: Kuhusu milango, mtazameni mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Nakshi nzito iko hapo na kwenye kizingiti cha juu. Kizingiti kilichonyooka ni mtindo wa Kiarabu. Kilicho na upinde juu kimeathiriwa na Uhindi. Waonesheni watoto mnyororo uliochongwa pembeni, na samaki chini ya miimo.

Mkiingia nyumba yoyote, inueni macho darini. Boriti za mikoko hazipatikani ndefu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Mkiona ukuta umevimba na plasta inabanduka, mara nyingi ni saruji iliyopakwa juu ya mawe na chokaa: unyevu unakosa pa kutokea, na ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta. Ndivyo nyumba zetu zinavyokufa, na inauma.

Mkunazini_73: Kanisani wekeni saa nzima. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa 1873 na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Duara la marumaru nyeupe mbele ya altare ndipo panaposemwa palikuwa na nguzo ya kuchapia. Vyumba vya chini mama asishuke: ngazi, na dari inamlazimu kuinama. Tena viko chini ya jengo la misheni, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba watumwa waliwekwa humo. Sanamu za watumwa zilizo shimoni uani anaziona bila kushuka popote.

Mgeni_Tanga: Ahsanteni sana. Tunaanzia Darajani. Mama atangoja kwenye baraza tukishuka chini?

Mkunazini_73: Uani pana kivuli, akae hapo. Mwachieni maji.