MREJESHO: Intaneti ya waya kukwama nyumbani, Pasua Moshi

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kwa nini intaneti ya waya hapa Pasua inakwama kila jioni na kutuma video za kazi kunachosha. Asanteni sana wote mlionijibu.

Aliyesema nichomeke kompyuta kwa waya kwenye ruta ndipo nipime, Mungu akubariki. Mchana nilipata 19 Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), wakati chumbani kwa Wi-Fi zilikuwa 4. Kumbe ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya kabati la vyombo, na katikati kuna kuta mbili za tofali! Nimeihamishia koridoni, juu. Sebuleni natumia Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, chumbani ya 2.4 GHz kwa sababu inapenya ukuta vizuri zaidi. Mama sasa anaongea na dada kwa video bila kukatika, nimefurahi mno.

Kupandisha, yaani kutuma faili mtandaoni, ndiko bado. Kifurushi changu kinashusha (kupakua) kwa Mbps 20 lakini kinapandisha kwa 5 tu, hilo ruta haiwezi kulibadilisha. Faili la GB 2 linakula karibu saa nzima, basi nalituma alfajiri. Saa mbili usiku kasi bado inashuka, maana laini tunagawana na majirani.

Betri ya ruta mliyonishauri sijanunua. Umeme ukikatika, nasubiri.